Intaneti ya Mnara: Taja Unapoishi Kwanza, Bei Baadaye

Ukiipigia simu kampuni ya intaneti ya mnara kule Nanyuki au Nyeri ukauliza bei ya mwezi, hutajiwi bei. Unaulizwa uko upande gani, nyumba ni ya ghorofa au la, na mbele yake kuna miti au kumekaa wazi. Wateja wengi hukereka wakiamini wanapimwa mfuko. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi zaidi, muuzaji hana bei ya kukupa mpaka ajue unapoishi.

Intaneti ya aina hii haivutiwi waya hadi kwako. Mnara husimamishwa mahali pa juu, nawe unafungiwa kisahani kwenye paa, na viwili hivyo lazima vionane. Fundi akishapanda juu ya mabati hukigeuza kisahani polepole, macho yakiwa kwenye simu yake inayosoma nguvu ya mawimbi. Akisoma hasi 60, anakaza nati na kushuka. Akisoma hasi 78, anaanza kukuuliza mikaratusi ile ni ya nani. Hapo ndipo unapoongezewa mlingoti wa mita sita, nyaya za kuushikilia, na bei nyingine. Nyumba mbili za kijiji kimoja, moja mlimani na nyingine bondeni, zinaweza kutozwa ada za kufungiwa zilizopishana mno bila yeyote kudanganywa.

Bei ya mwezi nayo ina sababu zake. Nyaya za intaneti za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa mwaka wa 2009, lakini kutoka pwani hadi Laikipia kuna faiba ya kulipiwa, kisha minara inayopokezana, na kila mnara unataka umeme au sola, betri, ulinzi na kodi ya ardhi. Gharama hizo zikigawanywa kwa wateja 150 hazihisiki. Zikigawanywa kwa 15, zinauma. Wateja nao wakizidi, shida inageuka: saa mbili usiku kila mtu yuko mtandaoni na video inakwama. Kwa hiyo swali la kumuuliza muuzaji kabla ya lolote ni hili: mnara utakaonihudumia una wateja wangapi kwa sasa, na una uwezo wa kubeba wangapi? Akibabaika, nenda kwa jirani mwenye kisahani ukamuulize usiku wake unakuwaje.

Starlink, intaneti ya satelaiti, iliingia Kenya Julai 2023 na bei moja kwa nchi nzima, Mandera sawa na Karen. Ilipendeza, hadi Novemba 2024 iliposimamisha usajili wa wateja wapya Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Nairobi ilisubiri hadi katikati ya 2025. Marekani, kampuni hiyohiyo ilifuata njia nyingine: Februari 2023 ilitangaza kwamba wateja wa maeneo yaliyosongamana watapanda kutoka dola 110 hadi 120 kwa mwezi, na wale wa maeneo yenye nafasi watashuka hadi 90. Aliyewahi kupanda matatu jioni ya mvua anaijua mantiki hiyo. Bei isiposogea, foleni ndiyo inayosogea. Mimi naona afadhali bei inayotofautiana waziwazi kuliko bei moja inayonifungia mlango, mradi nitajiwe kabla fundi hajaegemeza ngazi.

Sasa hesabu. Kwa bei za Starlink za Agosti 2024, kifaa kilinunuliwa kwa Sh45,500 na huduma ya kawaida ikawa Sh6,500 kwa mwezi. Asiye na fedha hizo kwa mkupuo angekikodi kwa Sh1,950 kila mwezi, juu ya malipo ya huduma, na ada ya kuanzia ya Sh2,700. Mwaka wa kwanza mnunuzi anatoa Sh123,500 na anayekodi Sh104,100. Kukodi kunaonekana nafuu, na ni nafuu kweli, hadi mwezi wa 22, ambapo anayekodi anakuwa ameshamzidi mnunuzi na kifaa bado si chake.

Ulinganishe na mnara. Tuseme kampuni ya eneo lako inataka Sh2,500 kwa mwezi na Sh15,000 za kufunga, mlingoti ukiwemo. Mwaka mzima ni Sh45,000. Hata mlingoti ukiwa ndani ya hesabu, hujafika nusu ya satelaiti. Kasi itakuwa ndogo zaidi, ndiyo, lakini nyumba ya watu wanne wanaosoma, wanaotazama filamu moja jioni na kupiga simu za video haihitaji kasi ya hoteli.

Faiba ikiwa imefika langoni, ubishi unaisha. Septemba 2024 Safaricom ilipandisha kifurushi chake cha Sh2,999 kutoka megabiti 10 hadi 15 kwa sekunde bila kuongeza senti. Kwenye faiba, eneo halipandishi bei. Linaamua tu kama utauziwa au hutauziwa.

Ruta za laini ya simu, za 4G na 5G, zina ujanja wake. Bei ni ileile kila mahali, lakini kasi siyo. Kabla ya kulipa, azima laini ya mtandao huo, iweke kwenye simu yako, kaa palepale ruta itakapokaa, upime kasi saa mbili usiku. Kipimo cha saa nne asubuhi hakina maana.

Mpangaji ana jambo moja zaidi la kuangalia. Mlingoti hauhami kirahisi, na mwenye nyumba anaweza kukataa paa lake litobolewe. Uliza ada ya kuhamisha huduma na nani ataondoka na kisahani.

Dai upewe jumla ya miezi 12 kwa maandishi, hata kwa SMS, ushuru wa bidhaa na VAT vikiwemo. Ukiona mnara kutoka kwenye paa lako na jirani hajalalamika, lipia mnara. Satelaiti iache kwa nyumba ambayo hakuna mnara wala faiba inayoifikia, na ukiwa na hakika utakaa hapo zaidi ya miaka miwili, nunua kifaa, usikodi.