Kadi ya mkopo Marekani: Riba ikipandishwa, mteja ana haki gani?

Barua kutoka benki inasema riba ya kadi yako ya mkopo itapanda kutoka asilimia 19 hadi asilimia 27 kwa mwaka. Kwa mtu anayedaiwa dola 3,000, tofauti hiyo ni karibu dola 20 za ziada kila mwezi. Watu wengi wanaoishi Marekani, wakiwemo wahamiaji kutoka Afrika Mashariki, huiweka barua kama hiyo kando wakiamini kwamba benki ikishaamua, basi. Sivyo. Sheria inamlinda mteja, hasa kwa deni alilokuwa nalo kabla ya barua kufika.

Kwa nini benki inaruhusiwa kupandisha riba?

Marekani haina kikomo cha kitaifa cha riba kwa kadi za kawaida za mkopo. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliamua kwamba benki ya kitaifa inaweza kumtoza mteja wa jimbo lolote riba inayoruhusiwa katika jimbo lenye makao yake. Ndiyo maana benki kadhaa kubwa zilihamishia biashara ya kadi katika majimbo kama South Dakota na Delaware, ambako sheria za riba ni legevu. Kwa hiyo, si rahisi kushinda kwa hoja kwamba riba ni kubwa mno. Hoja yenye nguvu ni kwamba benki haikufuata utaratibu.

Sheria ya 2009 inasemaje?

Mwezi Mei 2009, Rais Barack Obama alitia saini sheria inayojulikana kama CARD Act. Chini ya sheria hiyo, benki lazima itoe taarifa siku 45 kabla ya riba mpya kuanza kutumika. Kwa kawaida, haiwezi kupandisha riba katika mwaka wa kwanza wa akaunti.

Kinga kubwa zaidi ni hii: riba mpya haigusi deni la zamani. Manunuzi yaliyofanywa kabla ya taarifa kutolewa, na hadi siku 14 baada yake, hubaki kwenye riba ya awali. Kwa mfano, taarifa ikitolewa Machi 1, ulichonunua Machi 10 kitatozwa riba ya zamani. Ulichonunua Machi 20 kitaingia kwenye riba mpya itakapoanza.

Mteja asiyekubali riba mpya anaweza kuacha kutumia kadi au kufunga akaunti, kisha akaendelea kulipa deni kwa riba ya zamani. Benki haiwezi kumdai deni lote mara moja kwa sababu hiyo tu.

Ni wakati gani kinga hii haifanyi kazi?

Riba inayofuata viwango vya soko inaweza kupanda bila taarifa ya siku 45. Riba nafuu ya muda maalumu nayo hupanda muda wake ukiisha, mradi mteja alielezwa tangu mwanzo. Anayechelewesha malipo kwa zaidi ya siku 60 anaweza kupandishiwa riba hata kwa deni la zamani, ila akilipa kwa wakati mara sita mfululizo baada ya hapo, benki lazima imrudishie riba ya awali kwa deni hilo. Aidha, sheria hii inahusu kadi za watu binafsi, wala si kadi za biashara.

Hatua za kuchukua

Kwanza, tunza barua na uangalie tarehe yake. Soma pia sababu zilizotolewa. Kama benki inataja historia yako ya mikopo, omba nakala ya ripoti hiyo bila malipo na ukague makosa, kwa mfano deni la mtu mwenye jina linalofanana na lako.

Pili, piga simu benki uombe riba ipunguzwe. Hailazimiki kukubali, lakini mteja anayelipa kwa wakati ana cha kujitetea. Andika tarehe ya simu na jina la uliyezungumza naye, kisha tuma ombi lako kwa maandishi. Baada ya kupandisha riba, benki inatakiwa kupitia upya uamuzi huo angalau kila miezi sita.

Tatu, angalia taarifa ya akaunti ya kila mwezi. Deni la zamani na jipya yanapaswa kuonyeshwa na riba tofauti. Ukilipa zaidi ya kiwango cha chini, ziada hiyo lazima ipunguze kwanza deni lenye riba kubwa zaidi.

Nne, ukiona deni la zamani linatozwa riba mpya bila sababu halali, lalamika kwa maandishi kwa benki. Isiporekebisha, peleka malalamiko kwa CFPB, shirika la serikali linalolinda watumiaji wa huduma za fedha, au kwa ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo lako.

Wakati wote wa mvutano, endelea kulipa angalau kiwango cha chini kila mwezi. Ukigoma kulipa kwa hasira na siku 60 zikapita, utakuwa umeipa benki haki ambayo haikuwa nayo.