Kikohozi Kisichosikia Dawa Si Lazima Kiwe TB

Kijana wa kwetu yuko Thika au Ruiru, kiwandani au chuoni. Anakohoa. Nyumbani anaambiwa ni baridi ya bara. Duka la dawa linamuuzia antibiotiki, kliniki moja inasema pumu, nyingine inaona doa kwenye eksirei na kumwanzishia dawa za TB za miezi sita. Mwaka unakwisha, kifua bado chapiga mluzi, na asubuhi moja kohozi latoka na damu.

Mara nyingi huwa ni TB kweli, na dawa zake asiziache bila daktari. Lakini upo uvimbe uitwao karsinoidi, aina ya saratani inayoota ndani ya njia za hewa. Ni nadra: katika saratani mia za mapafu, ni moja au mbili tu. Hukua polepole, na humpata hata asiyewahi kushika sigara. Ukiziba njia ya hewa, nimonia hurudi pale pale kila mara. Hilo la "pale pale" ndilo la kushika. Pumu hukamata mapafu yote mawili. Uvimbe huu aghalabu hukaa upande mmoja.

Basi uliza: makohozi yalipimwa? Kipimo cha GeneXpert hutoa jibu la TB kwa muda wa saa mbili hivi. Kisipoonyesha kitu na dawa hazisaidii, omba CT scan. Kisha hupitishwa mrija mwembamba wenye kamera hadi kifuani, kinyama kidogo kikakatwa kupelekwa maabara. Watu wetu huogopa sana kukatwa kinyama, wakidai huchokoza ugonjwa. Bila hicho, daktari anabahatisha.

Aliye Thika anaweza kuanzia Hospitali ya Level 5, akaomba barua ya rufaa. Karibu na Ruiru, kwenye Northern Bypass, ipo Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, yenye mashine ya PET. Hata hiyo PET ya kawaida yaweza kuukosa uvimbe unaokua taratibu hivi, kwa hivyo picha safi isikupumbaze.

Tiba yenyewe ni upasuaji. Kemo haifui dafu sana hapa. Kwa ile aina ya upole, ukitolewa mapema, wagonjwa kama tisa katika kumi huwa hai miaka mitano baadaye, inshallah. Usajili wa SHA ukamilishwe kabla ya rufaa, na picha za zamani zisitupwe: daktari wa upasuaji atataka kulinganisha doa la mwaka juzi na la leo.