Chujio la Oili: Mlinzi Mdogo wa Injini ya Pikipiki

Mtu apandaye kwa pikipiki kutoka bonde la Ziwa Manyara hadi Mbulu mjini, kwa njia ya Magara, huitwika injini yake kazi nzito. Mwendo ni wa polepole na upepo wa kuipoza injini ni haba, ilhali injini yenyewe huzunguka kwa kasi. Wakati wa kiangazi vumbi hutanda kila upande, kama litandavyo pia katika njia itokayo Katesh kwenda Bassotu. Katika hali hiyo uhai wa injini hutegemea oili, na usafi wa oili hutegemea chujio, ambalo mafundi wetu huliita filta.

Gari dogo hubeba oili kama lita nne. Pikipiki nyingi za ukubwa wa 125 hubeba takriban lita moja tu. Lita hiyo moja hulainisha pistoni, gia na klachi kwa pamoja. Kwa hiyo hupokea chembe za chuma kutoka kwenye gia, nyuzinyuzi za klachi, masizi ya petroli na, iwapo chujio la hewa ni bovu, vumbi la nje. Vumbi hilo si laini kama lionekanavyo. Mlima Hanang, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400, ni volkano iliyozimika, na udongo unaouzunguka una chembe za miamba yake. Mchanga utokanao na miamba ya kale ya Mbulu una madini yaitwayo kwatsi, ambayo ni magumu kuliko chuma cha kawaida. Utando wa oili katika beringi una unene wa maikromita chache tu, wakati unywele wa mtu hufikia kama 70. Hivyo chembe isiyoonekana kwa macho yaweza kuikwangua injini.

Njia mbili za kusafisha oili

Kabla ya kununua filta, yampasa mwenye pikipiki ajue injini yake husafisha oili kwa njia gani. Pikipiki nyingi za China zilizoiga Honda CG125 ya miaka ya 1970 hazina filta ya karatasi. Zina wavu uzuiao takataka kubwa, pamoja na kikombe cha chuma kizungukacho na krankishafti. Tuseme nusu kipenyo cha kikombe ni sentimeta 3, na injini yazunguka mara 6,000 kwa dakika. Mchapuko wa chembe iliyo ukingoni utakuwa kama mita 11,800 kwa sekunde kwa sekunde, yaani takriban mara 1,200 ya ule wa mvutano wa dunia. Chembe nzito husukumwa ukingoni na kuganda kama tope. Chujio la namna hii halinunuliwi. Hufunguliwa na kuoshwa. Dereva aambiwaye kwamba pikipiki yake haina filta huenda asilifungue kamwe.

Namna ya pili ni karatasi iliyokunjwakunjwa, ambayo pampu huisukumia oili. Karatasi ikiziba, vali ndogo yenye springi hufunguka na kuipitisha oili bila kuchujwa, kwani oili chafu ni afadhali kuliko kukosa oili kabisa. Vali hiyo huwa ndani ya injini au katika filta yenyewe. Asubuhi ya Julai huko Mbulu, oili ikiwa nzito kwa baridi, vali yaweza kufunguka hata kama karatasi ni safi. Ndiyo maana si vema kuikimbiza injini mara tu iwakapo.

Kuchagua kwa kipimo

Katika filta dhaifu karatasi hupasuka, gundi huachia, springi hulegea, au mpira hukakamaa. Hatari yake ni kwamba pikipiki huendelea kutembea kama kawaida, na hasara huonekana baada ya miezi. Filta iliyowekwa kinyume huleta maafa ya haraka zaidi, kwa kuwa katika injini nyingine huziba kabisa njia ya oili. Dereva wa mkataba, ambaye hesabu ya tajiri humsubiri kila wiki, hupoteza chombo na riziki kwa pamoja.

Boksi zuri si ushahidi, kwa maana huigwa kwa urahisi. Linganisha namba ya spea na ile iliyomo katika kitabu cha pikipiki. Pima kimo, kipenyo na tundu kwa kalipa. Pengo la milimeta moja latosha kuipitisha oili pembeni. Mikunjo iwe na nafasi sawa, mpira uwe laini, na vali, ikiwa ipo, isukumwe kwa ncha ya kalamu na irudi yenyewe. Dai risiti. Ukishuku bidhaa bandia, iarifu Tume ya Ushindani au Shirika la Viwango Tanzania.

Mwalimu wa fizikia aweza kuanza na filta iliyotumika. Ikatwe, karatasi ikunjuliwe juu ya gazeti, na sumaku ipitishwe juu yake. Chembe zitakazonata ni za chuma. Zing'aazo bila kunata huenda ni za alumini, labda kutoka kwenye pistoni. Mwanafunzi atakuwa ameisoma hali ya injini bila kuifungua, na dereva atajua mapema kama mlinzi wake alikuwa kazini au amelala.