Moto Ubaki Nje, Sisi Tulale Ndani



Likizo ikikaribia, wengi wenu mnaanza kupanga safari. Wapo wanaokwenda na familia kulala siku mbili tatu ufukweni Bagamoyo au Pangani. Wapo skauti wanaopiga kambi milima ya Usambara, na wapo wanafunzi wanaokwenda na walimu wao kuona wanyama Mikumi au Ngorongoro. Siku hizi mizigo ya safari kama hizo haikosi mtungi mdogo wa gesi wa kilo 6, na jiko lake linalofungwa juu. Kusema kweli ni bomba: hakuna kutafuta kuni, hakuna kupuliza moto mpaka machozi yakutoke, na chai inachemka upesi.

Sasa tukuulize. Jua likishazama na baridi ikaanza kuuma, jiko hilo linakaa wapi?

Jibu ni fupi: linakaa nje. Lakini wewe si mtoto mdogo wa kuambiwa "usifanye" halafu basi. Unastahili kujua sababu, maana ukiijua utaweza hata kuwaeleza wakubwa.

NDANI YA MTUNGI KUNA NINI?

Gesi ya kupikia tunayonunua huku kwetu ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Zikishindiliwa ndani ya mtungi zinakuwa kimiminika, ndiyo maana ukiutikisa unasikia kitu kinachezacheza kama maji. Ukifungua, kimiminika hicho hugeuka gesi tena. Lita 1 tu ya propani iliyo kimiminika hutoa karibu lita 270 za gesi.

Hata hivyo gesi hizi mbili si mapacha. Propani huchemka kwenye nyuzi 42 chini ya sifuri, wakati butani huchemka karibu na nyuzi sifuri. Kwa hiyo penye baridi kali butani hugoma kugeuka gesi, na moto unakuwa dhaifu. Wapandaji wa milima mirefu kama Kilimanjaro wanalijua jambo hili.

Hapo ndipo kishawishi kinapoanza. Mtu anasema: "Jiko limepoa, na sisi tunatetemeka. Kwa nini tusiliingize hemani, lipate joto na sisi tupate joto?" Subiri kwanza. Kuna hatari mbili, moja ina harufu, nyingine haina.

HATARI YENYE HARUFU

Hatari ya kwanza ni gesi inayovuja kabla haijaungua. Propani ni nzito kuliko hewa, karibu mara moja na nusu, na butani ni karibu mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi juu ikapotea. Inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya chini ya kitanda, shimoni, au kwenye godoro ulilolalia. Ikichanganyika na hewa kwa kiasi cha asilimia 2 hadi 10 hivi, cheche moja tu inatosha kulipua.

Je, unajua kwamba kwa asili yake gesi hii karibu haina harufu? Ile harufu mbaya kama ya yai viza hutiwa makusudi. Tarehe 18 Machi 1937, katika mji wa New London huko Texas, Marekani, gesi asilia isiyo na harufu ilivuja na kujaa chini ya jengo la shule. Hakuna aliyejua. Ilipolipuka iliua karibu watu 300, wengi wao wanafunzi. Baada ya msiba huo Texas ilipitisha sheria kwamba gesi itiwe harufu, na desturi hiyo ikaenea. Kwa hiyo unaposikia harufu ile jikoni, kumbuka kuna wanafunzi wenzako waliokufa kwa kukosa onyo kama hilo. Usilipuuze.

Kabla ya kuwasha jiko kambini, fanya hivi:
- Simamisha mtungi wima, mahali tambarare, mbali na hema na majani makavu.
- Angalia kile kipira cha duara kwenye mdomo wa mtungi. Kama kimekatika au kimekauka, usifunge jiko.
- Paka povu la sabuni kwenye maungio. Povu likitoa mapovu mapya yanayovimba, gesi inavuja.
- Usitumie kiberiti kutafuta panapovuja. Wapo wanaofanya hivyo. Ni hatari mno!
- Washa kiberiti kwanza, ndipo ufungue gesi taratibu.

Ukisikia harufu ya gesi ndani ya chumba, hema au gari: usiwashe taa, usizime taa, usipige simu ukiwa humo. Zima moto wowote kama unaweza, funga mtungi, fungua milango, toeni watu wote nje. Ukiwa mbali ndipo upige simu. Kwa Tanzania namba ya Zimamoto ni 114.

HATARI ISIYO NA HARUFU

Hii ya pili ndiyo inayoua watu usingizini, na inatokea hata kama mtungi ni mpya na hauvuji popote.

Wale wa kidato cha pili na kuendelea, chukueni kalamu. Propani ikiungua vizuri inakwenda hivi:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Umeona? Kipimo 1 cha propani kinahitaji vipimo 5 vya oksijeni. Hewa tunayovuta ina oksijeni asilimia 21 tu, kwa hiyo vipimo 5 vya oksijeni ni sawa na karibu vipimo 24 vya hewa. Jiko lina kiu kubwa ya hewa! Na ndani ya hema lililofungwa zipu, hewa anayoinywa jiko ndiyo hiyo hiyo unayoitegemea wewe, mdogo wako na mama.

Hewa ikipungua, gesi haiungui vizuri. Badala ya kaboni dioksaidi inaanza kutokea kaboni monoksaidi, yaani CO. Hii haina rangi, haina harufu, haina ladha, haiwashi macho wala koo. Moto wa jiko mara nyingi hugeuka kuwa wa njano na sufuria hushika masizi, lakini usitegemee dalili hiyo peke yake. Moto wa bluu nao si kibali cha kulala na jiko.

Ndani ya mwili inafanya nini? Fikiria hemoglobini ya damu yako kama daladala, na oksijeni ndio abiria wanaopelekwa kwenye ubongo na moyo. Kaboni monoksaidi ni abiria mkorofi. Inang'ang'ania kiti kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200, na haitaki kushuka. Daladala linaendelea kuzunguka, limejaa, lakini oksijeni imeachwa kituoni. Ubongo unasubiri, haupati kitu.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuchoka, kuchanganyikiwa, halafu usingizi mzito. Ukishalala huwezi kuzisikia tena. Akina mama wajawazito, watoto wachanga na wazee wanadhurika upesi zaidi.

Ugumu ni kwamba dalili hizi zinafanana na za magonjwa tunayoyajua. Ukiwa bondeni utadhani ni malaria. Ukiwa Kilimanjaro utadhani ni ugonjwa wa mlima. Jiulize maswali matatu: Je, tumeanza kuumwa wengi kwa wakati mmoja? Je, kuna moto unaowaka humu ndani? Je, nikitoka nje napata nafuu? Ukijibu ndiyo hata kwa moja, tokeni nje kwanza, mjadala baadaye.

WENZETU WENYE NYUMBA ZA MAGURUDUMU

Marekani na Kanada familia nyingi husafiri likizo na magari makubwa yenye vitanda, choo na jiko ndani yake. Ni nyumba kamili inayotembea. Jiko lake hutumia propani, na mtungi hufungwa kwa nje. Lakini angalia wanavyojilinda: magari mengi ya aina hiyo yana vifaa viwili vya kupiga kengele. Kimoja huwekwa chini karibu na sakafu, kwa ajili ya propani inayovuja, kwa sababu tumeona kwamba inashuka. Kingine ni cha kunusa kaboni monoksaidi. Na hata hivyo watu wanashauriwa wasitumie jiko kupasha gari joto, na majiko ya kuchomea nyama yabaki nje kabisa.

Sisi katika mahema yetu hatuna kengele. Kengele yetu ni akili na mazoea mema.

NA MKAA JE?

Mkaa ni mbaya zaidi. Ukiungua hutoa kaboni monoksaidi nyingi, hata ule uliokwisha kuwa mwekundu bila moshi. Kule kwenye baridi, kama Njombe, Makete au Lushoto, wakati wa mwezi wa sita na wa saba, kuna familia ambazo huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha na kulala. Wengine hawaamki. Haikuwa uchawi, wala hawakulishwa sumu. Ni jiko.

MASWALI NA MAJIBU

Nikiacha zipu ya hema wazi kidogo, si inatosha?
Haitoshi. Upepo hubadilika, mtu mwingine huifunga usiku akisikia baridi, na hewa inayopita kwenye upenyo haitoshi kuondoa sumu.

Nikiweka beseni la maji karibu na jiko?
Maji hayasaidii. Kaboni monoksaidi huyeyuka kidogo sana kwenye maji, itakupata tu.

Mvua ikinyesha tupike wapi?
Chini ya turubai lisilo na kuta, likiwa juu ya kutosha na mbali na mahema. Kama haiwezekani, kuleni mkate na ndizi usiku huo. Kulala na njaa kidogo hakujamuua mtu.

Sasa tutapataje joto?
Kula chakula cha moto kabla ya kulala. Vaa soksi na kofia kavu. Tandika kitu kizito chini yako, maana ardhi huiba joto kuliko hewa. Jaza maji ya moto kwenye chupa isiyovuja, izungushie nguo, lala nayo miguuni.

KUMWAMBIA MKUBWA

Tunajua hapa ndipo penye kazi. Wewe ni kijana, na anayeingiza jiko ni baba, shangazi au mwalimu. Utaonekana unajifanya unajua sana. Lakini heshima haikuzuii kusema, inakufundisha namna ya kusema. Jaribu hivi:

"Baba, samahani. Shuleni tumefundishwa kwamba jiko hili hutoa hewa inayoua mtu akiwa amelala. Naomba nilitoe nje, nikuletee chupa ya maji ya moto."

Umeona? Hukumwambia kwamba amekosea. Umemwomba kazi ya kufanya, na umempa kitu badala ya kile ulichomnyang'anya. Akikataa, mwombe mama, babu au mtu mwingine mzima akusaidie. Akikataa bado, usinyamaze kwa aibu wala usikubali kulala humo. Aibu ya usiku mmoja inapona.

MTU AKIZIDIWA

Ukikuta watu wamelala na jiko humo ndani na hawaamki: fungua hema au milango yote, waburute nje kwenye hewa safi, na ujihadhari usije ukabaki humo nawe ukaanguka. Ita watu kwa sauti. Kama mtu hapumui na kuna anayejua huduma ya kwanza, aanze mara moja. Usimnyweshe maziwa wala kitu chochote aliyepoteza fahamu.

Kisha hospitali, hata kama amezinduka na anasema yuko poa. Mtu akivuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu hiyo hutoka kwenye damu kwa saa 4 hadi 5 hivi. Akipewa oksijeni safi, huchukua kama saa moja hadi moja na nusu. Na mwambieni daktari wazi: "Walilala na jiko." Msiposema, anaweza kutafuta malaria wakati muda unakwenda.

KAZI YA NYUMBANI

Usisubiri mpaka safari. Leo ukirudi nyumbani au ukiingia jiko la shule, angalia mambo matatu: mtungi umesimama wapi, mpira wake una nyufa, na usiku jiko linalala wapi. Kama linalala na watu, unajua la kufanya.

Safari njema, na moto ubaki nje.