Hadithi za bure zapatikana, lakini lugha ndiyo bei

TANGU Machi 2016, msomaji wa Kanyakine, Imenti Kusini, amekuwa na sababu ya kuamini kwamba hadithi za ajabu zaweza kumfikia kwa lugha ya mama, tena bila malipo.

Mwezi huo, kundi la waandishi la Jalada Africa, lililoundwa Nairobi mwaka 2013, lilichapisha mtandaoni ngano ya marehemu Ngugi wa Thiong'o, Ituika ria Murungaru, inayosimulia jinsi viungo vya mwili vilivyoshindana hadi binadamu akatembea wima. Ngugi aliiandika kwa Gikuyu, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza. Wafasiri wengine waliitoa katika lugha zaidi ya 30, Kiswahili na Kimeru zikiwamo. Baadaye idadi ikapita 100.

Huo haukuwa mwanzo. Mnamo 2015 Jalada ilikuwa imetoa mkusanyiko wa Afrofuture(s), kuhusu Afrika ya siku zijazo. Nchini Nigeria, Mazi Nwonwu na Chinelo Onwualu walianzisha jarida la Omenana mwaka 2014 kwa ajili ya bunilizi za kisayansi na fantasia. Zote zilisomwa bure.

Kwa nini mwandishi atoe jasho lake bila malipo? Wachapishaji wa Kenya aghalabu hutegemea vitabu vya shule, na hadithi fupi moja kuhusu roketi haina mahali katika rafu zao. Mtandaoni, gharama ya kuchapisha na kusafirisha vitabu huondoka. Fauka ya hayo, mwandishi kwa kawaida hubaki na hakimiliki: anaweza kuiuza hadithi ile ile baadaye katika kitabu, au kuwania tuzo ya Nommo, iliyoanza kutolewa 2017 na yenye kitengo cha hadithi fupi. Bure, basi, si sawa na kukosa mwenyewe. Kusoma ni ruhusa. Kunakili na kuuza ni wizi.

Kikwazo ni lugha. Sehemu kubwa ya hadithi hizi huandikwa kwa Kiingereza, ilhali kazi za Kiswahili zilizo karibu nazo, kama Walenisi ya Katama Mkangi (1995) na Bina-Adamu! ya K. W. Wamitila (2002), ni vitabu vya kununuliwa.

Wala Wameru si wageni katika mambo haya. Masimulizi yao ya kutoka Mbwaa yana watesi wanaodai mkuki wa kufika mawinguni na kiatu chenye manyoya pande zote mbili, kisha maji yanayogawanyika kwa fimbo. Watunzi wengi wa fantasia wa Ulaya wangeyaonea wivu.

Anayetaka kuongeza hadithi nyingine katika Kimeru lazima apate kwanza idhini ya mwenye hakimiliki. Kwa mwandishi huru asiye na mchapishaji, idhini hiyo huombwa kwake moja kwa moja, na barua pepe moja yaweza kutosha.