Tanzania: Waraka unaoiwezesha mitandao ya fedha kuelewana, na programu inayoukagua

Mtu aliyeko Mwanza anapomtumia fedha ndugu yake wa Kigoma, mmoja akiwa na laini ya kampuni hii na mwingine ya kampuni ile, hubonyeza namba, huonyeshwa jina la mpokeaji, kisha huweka namba ya siri. Kwake ni shughuli ya sekunde chache. Nyuma yake kuna mazungumzo baina ya kompyuta ambazo hazikujengwa na fundi mmoja na hazimilikiwi na mtu mmoja.

Tanzania ilitangulia katika jambo hili. Mwaka 2014 Tigo, Airtel na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Makubaliano yalikuwa ya kampuni mbili mbili, kila jozi na njia yake. Kampuni nne zahitaji njia sita. Zikifika kumi, njia ni arobaini na tano. Ndipo Benki Kuu ya Tanzania ikajenga mfumo wa pamoja, TIPS, kwa msingi wa Mojaloop, programu huria iliyotangazwa mwaka 2017 na taasisi ya Bill na Melinda Gates ya Marekani. Jina lake limetokana na neno la Kiswahili "moja".

Kompyuta haielewi kwa kukisia. Ili mfumo mmoja uuombe mwingine huduma, sharti pawepo mlango unaojulikana, ambao mafundi huuita API, na waraka unaoeleza mlango huo: ombi liandikwe vipi, sehemu zipi ni za lazima, na jibu litakuwa na sura gani. Waraka wa Mojaloop umeandikwa kwa utaratibu ulioanzia Marekani katika kampuni ya kamusi ya mtandaoni, Wordnik, kwa jina la Swagger. Mwaka 2015 ulikabidhiwa kwa umoja wa kampuni ulio chini ya Linux Foundation, na tangu mwaka 2016 unaitwa OpenAPI.

Waraka wa namna hii huwa na maelfu ya mistari, na sehemu moja huielekeza kompyuta sehemu nyingine: "kuhusu kiasi cha fedha, tazama kule". Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuufuatilia wote bila kuchoka. Kazi hiyo hufanywa na kile mafundi wanachokiita maktaba, yaani vipande vya programu vilivyokwisha kuandikwa, ambavyo fundi yeyote huviazima badala ya kuanza upya. Maktaba husoma waraka, hufuata kila rejeo hadi mwisho wake, na hulalamika inapokuta rejeo lisilofika popote.

Uzito wake huonekana pale panapoandikwa kiasi cha fedha. Waraka wa Mojaloop hautaki kiasi kiandikwe kama namba ya kukokotoa, bali kama maandishi, kwa sababu kompyuta nyingi hutunza sehemu za desimali kwa kukadiria. Maandishi hayo nayo yana masharti. Elfu tano huandikwa 5000. Ikiandikwa 05000 hukataliwa, ikiandikwa 5000.00 hukataliwa pia, kwa kuwa sufuri haziruhusiwi kuwa mwisho wa desimali. Mhasibu atashangaa, kwani kwake hizo ni fedha zilezile. Lakini kiasi kikiwa na sura moja tu, mifumo miwili haiwezi kubishana kama ujumbe uliotumwa ndio uliopokewa. Programu inayokagua kwa kufuata waraka humgundulia fundi kosa hilo akiwa bado mezani kwake, kabla fedha ya mtu haijaguswa.

Namba za simu zina mtego wake. Nyaraka nyingi za OpenAPI huandikwa kwa mtindo wa YAML, na kwa kanuni zake za zamani, tarakimu zinazoanza na sufuri na zisizo na 8 wala 9 ndani yake huhesabiwa kuwa namba ya msingi wa nane. Basi fundi akiweka mfano wa namba inayoanza na 07 bila alama za kunukuu, namba hiyo hugeuka kuwa nyingine kabisa, ilhali ya jirani yake yenye 9 hupita salama. Kosa la namna hiyo laweza kukaa miezi bila kuonekana. Iwapo waraka unataka maandishi mahali hapo, mkaguzi hukuta namba na kulikataa.

Kisha kuna suala la matoleo. Toleo la 3.0 la OpenAPI lilitoka mwaka 2017 na la 3.1 mwaka 2021, na nyaraka za zamani hazikutoweka. Maktaba huzigeuza kutoka toleo hadi toleo, na hapa uangalifu unahitajika zaidi kuliko wengi wanavyodhani. Katika 3.0, ruhusa ya sehemu fulani kuachwa tupu ilikuwa na neno lake maalumu; katika 3.1 neno hilo likaondolewa na ruhusa ikaandikwa kwa namna nyingine. Kigeuzi kisichojua hilo huipoteza ruhusa, na ujumbe uliokuwa halali jana hukataliwa leo.

Hata hivyo, ukaguzi huu ni wa sura, si wa maana. Katika Mojaloop kila muamala hupewa kitambulisho chake cha pekee, ili ujumbe ukirudiwa baada ya mtandao kukatika, mfumo utambue kuwa ni uleule na usihamishe fedha mara ya pili. Lakini mfumo wa kampuni ukikosea na kuunda kitambulisho kipya kila unaporudia, ujumbe wote miwili utakuwa umeandikwa sawasawa, maktaba itaupitisha bila neno, na mtumaji wa Mwanza atakatwa mara mbili.