KIDOLE KINAPOTANGULIA AKILI
Makosa ya dau katika karata za simu

Katika Ziwa Viktoria uvuvi wa dagaa hufuata mwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mwezi unapopevuka nguvu ya taa hupungua, na wavuvi wengi hupumzika kwa siku kadhaa. Siku hizo za mbalamwezi huwa na nafasi ndefu, na pengine fedha za mauzo mfukoni. Zamani nafasi hiyo ilijazwa na bao na karata za turufu. Leo, gatini Kamanga mjini Mwanza, ambapo abiria hungoja kivuko cha kuvukia upande wa Sengerema, karata zaweza kuwa ndani ya simu, na mpinzani asijulikane alipo.

Mchezo mmojawapo ni poka. Kila mchezaji, zamu yake ifikapo, huamua kujitoa, kufuata dau la mwenzake, au kuliongeza. Ujuzi wake ni wa kukadiria uwezekano, na juu yake vimeandikwa vitabu vingi. Hata hivyo, sehemu ya hasara haina uhusiano wowote na makadirio. Mchezaji aliyekusudia kuweka shilingi 2,000 huandika 20,000. Mwingine aliyetaka kujitoa hugusa kitufe cha kufuata kilicho jirani. Anayecheza meza mbili kwa pamoja huijibu meza hii kwa uamuzi alioufikia juu ya ile.

Mwanasaikolojia Donald Norman aliyachambua makosa ya namna hii mwaka 1981, na James Reason akayaeleza kwa upana katika kitabu chake cha mwaka 1990. Wote wawili walitenga kosa la nia na kosa la utekelezaji. Katika kosa la kwanza mtu hutenda alichokusudia, ila alikusudia vibaya. Katika la pili nia ilikuwa sahihi, mkono ukateleza. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Lakini mwenye mtaji wa shilingi 40,000 anayeteleza kwa sifuri moja ameweka nusu ya mtaji wake mahali alipokusudia kuweka sehemu moja ya ishirini.

Chanzo kikubwa cha makosa hayo ni kasi. Mwaka 1899 R. S. Woodworth alionyesha kwamba kadiri mkono unavyoharakishwa ndivyo unavyokosa shabaha. Mwaka 1954 Paul Fitts aliliweka jambo hilo katika kanuni ya hesabu: shabaha ikiwa ndogo na mbali, muda wa kuifikia kwa usahihi huongezeka. Vitufe vya simu ni vidogo, na saa ya mchezo haingoji. Penye mgawa karata na karata za kushikwa, huchezwa takriban michezo 30 kwa saa. Meza ya intaneti hupita mara mbili ya hapo. Mwaka 2010 zilianza meza za haraka zaidi, ambamo anayejitoa huhamishwa papo hapo kwenye meza nyingine na kupewa karata mpya, bila hata nafasi ya kupumua.

Makosa haya hayawapati wavivu wala wasiosoma peke yao. Tarehe 8 Desemba 2005, huko Tokyo, mtumishi wa kampuni ya Mizuho Securities alikusudia kuuza hisa 1 kwa yeni 610,000. Badala yake aliagiza ziuzwe hisa 610,000 kwa yeni 1 kila moja. Kompyuta ilitoa onyo, naye akalipita. Hasara ilizidi yeni bilioni 27. Onyo linalotokea kila mara huzoeleka, na kidole hulibonyeza kabla jicho halijalisoma.

Jambo la kushangaza zaidi ni linalotokea baada ya kupoteza. Patrick Rabbitt aligundua mwaka 1966 kwamba katika kazi za kawaida mtu anayekosea hupunguza mwendo mara ifuatayo. Katika kamari mambo hugeuka. Mwaka 2017 Frederick Verbruggen na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba aliyepoteza huanza mchezo unaofuata haraka kuliko aliyeshinda. Basi kosa moja huzaa la pili, wakati ule ule ambapo utulivu ungehitajika.

Kinga bora imetoka kwenye reli. Wafanyakazi wa treni nchini Japani hunyoosha kidole kwenye taa ya ishara na kutamka kwa sauti wanachokiona. Taasisi ya utafiti wa reli ya nchi hiyo ilipopima desturi hiyo mwaka 1994, makosa yalishuka kutoka 2.38 hadi 0.38 katika kila vitendo 100. Mabaharia nao wanayo: mshika usukani huirudia amri ya nahodha kwanza, ndipo hugeuza. Mcheza karata anayetamka “elfu mbili” huku akiitazama tarakimu iliyoandikwa huilazimisha akili ilingane na mkono. Abiria wa jirani watamshangaa, haidhuru.

Mengine ni ya kupanga kabla ya kuanza: kucheza meza moja tu, kuzima dau la mguso mmoja pale programu inaporuhusu, kuchagua viwango vilivyowekwa tayari badala ya kuandika tarakimu, na kukiondoa kidole kwenye kioo hadi zamu ifike. Hakuna kati ya haya linaloigeuza poka kuwa kazi ya mshahara, kwa kuwa mwenye meza hukata sehemu yake katika fungu la madau hata wachezaji wote wakiwa makini. Nchini Tanzania michezo hii husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha chini ya sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.

Kipimo cha mwisho ni kiasi cha fedha kilicho karibu na kidole. Sifuri ya ziada haiwezi kuondoka na fedha ambazo hazimo katika akaunti ya mchezo. Mvuvi anayeweka humo shilingi 5,000 za siku hiyo, na mauzo ya dagaa akayapeleka benki au kwenye kikundi cha kuweka na kukopa kabla mwezi haujapevuka, akiandika 20,000 kwa bahati mbaya, kikomo cha hasara yake ni zile 5,000 alizoziweka.